Mashini ya kukaa ya kushonea mifarishi nyumbani: ninunue yenye mkono mrefu, au kosa liko kwenye meza yangu?

#1 MamaViraka (Katuba, Lubumbashi)

Jambo yenu. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka mfukoni.

Huu ni mwaka wa sita nashona mifarishi ya viraka vya kitenge, ile ambayo hapa mjini wengi huita kuvreli. Kuunga viraka hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kazi ya mwisho: kushonea tabaka tatu pamoja, uso wa viraka, pamba ya kati na kitambaa cha chini, kwa mtindo huru. Meno ya mashini, yale yanayovuta kitambaa, nimeyashusha, mguu unarukaruka, na mikono yangu ndiyo inayosukuma kitambaa kuchora maua na mawimbi.

Mashini yangu ni ya nyumbani, ya kawaida. Kutoka sindano hadi kwenye shina, ile nguzo ya kulia inayobeba mkono wa mashini, nimepima kwa rula: sentimita 16. Mfarishi wa kitanda cha watu wawili una mita 2 kwa 2 na sentimita 20. Nikishona katikati, mita nzima lazima ipite chini ya mkono wa mashini. Nikiikunja inakuwa nene kama paja la mtu mzima.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Kila nikizungusha ua kwenda kushoto, uzi wa juu unakatika. Nikigeuza mfarishi, upande wa chini naona vijitanzi vidogo vimesimama kama kope za jicho, tena kwenye kona tu. Kwenye mistari iliyonyooka hakuna hata kimoja.

Mdogo wangu yuko Ubelgiji, atakuja Desemba, na amesema atanisaidia kubeba mashini. Nimesikia majina: Bernina Q16 na Q20, Sweet Sixteen ya Handi Quilter, Juki TL-2010Q. Je, nichukue ipi? Na je, mashini mpya itaondoa huku kukatika kwa uzi, au nitakuwa nimehamisha tatizo tu kutoka meza hii kwenda nyingine?

#2 FundiKamalondo (Lubumbashi)

Mama Viraka, jambo. Usinunue kitu kwanza. Sindano umeibadilisha lini?

Katika mtindo huru, mikono ikivuta kitambaa wakati sindano ingali ndani, sindano inapinda kidogo. Ikipinda, ndoano ya chini, ile inayodaka uzi wa juu, inaukosa uzi au inaukwaruza. Weka namba 90/14, mpya, na uitupe mfarishi ukiisha. Usingoje ivunjike.

Kama lazima ununue, mimi nakwambia mashini ya kiwanda, ile ya mshono mmoja ulionyooka. Uwazi wake, yaani kutoka sindano hadi shina, ni kama sentimita 26. Meno hayashuki, lakini yanatoka kwa skrubu mbili. Mota ya klachi toa, weka ya servo ambayo unaiambia iende polepole na inatii. Vipuri vyake vinapatikana hapa hapa mjini, na meza yake tayari imetobolewa, kichwa kinalala sawa na ubao. Mota moja ya servo na mguu wa kurukaruka, umemaliza.

#3 YayaWaLiege

Papa Fundi, heshima zako, ila mashini kama Juki DDL-8700 imeundwa kwenda hadi mishono 5,500 kwa dakika. Servo itaipunguza, sawa, lakini mguu wake wa kurukaruka unautafuta kwa tochi, na tundu la kibati cha sindano linabaki pana baada ya meno kutoka. Mama huyu anashona pamba laini, hashoni majinzi.

Mama Viraka, hesabu ya uwazi kwa mashini ulizotaja ni hii. TL-2010Q ina inchi 8 na nusu, karibu sentimita 22. Sweet Sixteen na Q16 zina inchi 16, yaani sentimita 40 na kitu. Q20 ina 20, karibu sentimita 51. Ipo pia Capri ya Handi Quilter, inchi 18.

Lakini kipimo hakisemi yote. Kwenye mashini yako shina liko mkono wa kulia, na kila ukisogeza kulia unagonga ukuta. Kwenye hizi za kukaa za mkono mrefu, siyo TL-2010Q, kichwa kimegeuzwa: unatazamana na sindano, na mkono wa mashini unaenda mbele mbali na kifua chako. Kulia na kushoto kote ni wazi. Mimi nilipokaa mara ya kwanza kwenye Sweet Sixteen ya kikundi chetu cha ushonaji hapa Liège, nilisogeza kitambaa kulia taratibu nikingoja kugonga. Hakuna kilichogonga. Nilibaki nimeshika kitambaa tu.

Jambo moja usiache kulijua: hizi za mkono mrefu hazina meno kabisa. Hazivuti kitambaa, kamwe. Huwezi kushona sketi, huwezi hata kuunga viraka vyako kwa raha. Zinafanya kazi moja. Bei yake ni maelfu ya dola, na ile ya zamani lazima ibaki nyumbani.

#4 MamaViraka

Aksanti Yaya, dada yangu mkubwa. Hilo la meno hakuna aliyewahi kuniambia! Mimi nilikuwa nimeshapanga kumwachia binti yangu hii ya zamani. Kumbe nitahitaji zote mbili, na chumba changu kina kitanda, kabati na mlango.

Papa Fundi, sindano ni ya 80, na ina mifarishi miwili tangu niiweke. Nitabadilisha.

#5 FundiKamalondo

80 kwenye kitenge na pamba na kitambaa cha chini! Nimekwambia, mama.

#6 SindanoTisini (Kolwezi)

Mimi sikubali kwamba ni sindano. Kama ni sindano, uzi ungekatika pande zote. Mama Viraka amesema KUSHOTO. Someni swali.

Dada, niambie, meza yako ikoje? Mashini imesimama juu ya meza kama redio, siyo? Na upande wa kushoto kuna nini? Naamini hakuna kitu, mfarishi unaning'inia hadi sakafuni. Huo uzito unakuvuta. Ukizungusha kwenda upande mmoja, mkono unapambana na uzito. Ukirudi, uzito unakusaidia na kitambaa kinaruka. Mshono unakuwa mfupi, halafu mrefu, halafu pah! uzi umekatika.

Miaka miwili nililia na jambo hili. Nikaenda kwa seremala na meza ya zamani ya mbao za mulombwa, nikamwambia atoboe tundu kwa kipimo cha tako la mashini, akatia ubao wa kushikilia chini, mashini ikazama hadi kitako chake kikawa sawa na meza. Kushoto nikasogeza meza ya kupigia pasi, urefu ule ule. Nyuma, meza ya kulia chakula, ili mfarishi usianguke upande wa pili. Juu ya vyote nikatandika nailoni nene ya mezani, ile inayoteleza, nikaitoboa mahali pa sindano na kuibandika pembeni kwa gundi ya karatasi. Mashini ni ile ile. Mishono ikawa mingine.

Kabla ya kutafuta sentimita 40, ondoa uzito.

#7 KibandaChaVoltji (Kampemba, Lubumbashi)

Mimi si mshonaji, ni mtu wa umeme, mke wangu ndiye anashona. Nimesoma mjadala huu wote na hakuna aliyeuliza kuhusu kura. Mama, unashona saa ngapi? Jioni kura ya hapa inashuka, taa zinakuwa njano, mashini inapunguza mwendo yenyewe. Mikono yako haijui, inaendelea na mwendo ule ule. Sindano polepole, mikono haraka: mshono unarefuka, na kwenye kona uzi unalala chini kama kope. Vijitanzi vyako ni hivyo.

Na mashini mpya ikija itahitaji transfoma, la sivyo itaungua siku ya kwanza.

#8 MshonajiTemeke (Dar es Salaam)

Samahani wakubwa, kura inashuka jioni? Lubumbashi mnapiga kura kila siku?

#9 KibandaChaVoltji

Ndugu yangu wa Dar, kura kwetu ni umeme. Tumeichukua kwenye Kifaransa. Ile ya sanduku ni nyingine, na hiyo haishuki jioni.

#10 MshonajiTemeke

Nimekuelewa mkuu, nimecheka peke yangu kwenye daladala. Endeleeni, nasoma yote, mimi pia nina sentimita 16.

#11 YayaWaLiege

Papa wa umeme, nakusahihisha kidogo: transfoma inahitajika kwa mashini ya Marekani, ya volti 120. Hii itatoka Ubelgiji, huku ni 230, inaingia kwenye soketi ya Lubumbashi bila shida. Asome tu kibati cha nyuma. Kinachonitia hofu mimi ni kadi ya elektroniki. Umeme ukiruka na kurudi kwa kishindo, Papa Fundi ataitengeneza kwa nini?

#12 KibandaChaVoltji

Kweli kabisa kuhusu 230, sikusoma vizuri inakotoka. Basi atafute stabilaiza nzuri, na akitumia sola anunue inveta ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zinafanya mota ingurume, na kadi inachoka mapema. Lakini la jioni silirudishi nyuma.

#13 Pendo_Kadutu (Bukavu)

Habari za Katanga! Na mimi niongeze yangu, ni ndogo.

Kitenge kipya kina gundi ya kiwandani. Kabla ya kukifua kinasimama kama karatasi. Mimi nilikuwa nashona viraka bila kufua kwa sababu vinakatika vizuri, kona zake zinakuwa kali. Nikifika kwenye mtindo huru, uzi unakatika kila baada ya dakika tano. Niligusa sindano ikaniunguza kidole, na juu ya tundu lake kulikuwa na utando mweupe, nikaukwaruza kwa kucha. Siku hizi pande lote la yadi 6 linaingia kwenye maji ya moto kwanza, halafu mara ya pili kwenye maji ya baridi yenye chumvi, ndipo mkasi. Uzi haukatiki tena kama zamani.

Mama Viraka, vitenge vyako unafua?

#14 MamaViraka

Vingine nafua, vingine hapana. Wateja wa harusi wanataka king'ae. Bibi arusi akikigusa na kukuta kimelainika anafikiri nimemshonea cha mitumba.

Yaya SindanoTisini, umesema kama uliingia chumbani kwangu. Mashini iko juu ya meza kama redio, na kushoto hakuna kitu.

#15 FundiKamalondo

Pendo, gundi inakata uzi, nakubali. Lakini gundi inajuaje kushoto na kulia?

#16 Pendo_Kadutu

Papa, gundi inapasha sindano joto, na sindano moto inakata uzi pale ambapo uzi tayari umekazwa. Kama kushoto ndiko mfarishi unavuta, basi ni kushoto. Mimi na Yaya wa Kolwezi tunaweza kuwa sahihi wote wawili.

#17 FundiKamalondo

Haya, sikubishii leo.

#18 NkamboWaFoyer (Lubumbashi)

Watoto wangu, jambo. Mjukuu ndiye ananisomea na kuniandikia.

Mimi nilijifunza kushona kwenye foyer social, kituo cha mafunzo cha wake za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi. Tulifundishwa kwa mashini nyeusi ya miguu. Hadi leo ninayo, na mifarishi yote ya wajukuu imetoka hapo. Kura ikikatika, mimi sijui.

Meno ya mashini yangu hayashuki. Nachukua kipande cha kadi ngumu, natoboa tundu dogo kwa sindano ya moto, nakibandika juu ya meno, naweka urefu wa mshono kwenye sufuri. Basi. Kitambaa kinapita.

Mnachosahau ni miguu. Miguu na mikono inatoka kwenye mwili mmoja. Nikipunguza mikono kwenye kona, miguu inapunguza yenyewe, siipangii. Ninyi wa umeme, mguu mmoja unakanyaga, mashini inalia vuuu, na mikono inaogopa ile sauti inakimbia. Mama Viraka, nasema hivi kwa upendo: kwenye kona unakimbia. Unaogopa ua litaharibika unataka kulimaliza. Kope za chini ni za haraka ya mikono. Kaa na vipande vya mazoezi, sentimita 40 kwa 40, pamba ndani, chora jina lako kila asubuhi kabla ya chai. Mwezi mmoja. Halafu ndipo uniambie habari ya Ubelgiji.

#19 MamaViraka

Nkambo, aksanti sana. Kweli naogopa kona. Sikutaka kusema.

#20 YayaWaLiege

Nkambo, nakuheshimu. Lakini mama anayepokea oda za harusi hana mwezi wa kuchora jina. Ndiyo maana kuna mashini zenye jicho: Bernina wanaita BSR, Handi Quilter nao wana yao. Jicho linasoma mwendo wa kitambaa na kuamuru sindano: mikono ikienda haraka sindano inakimbia, mikono ikisimama sindano inasubiri. Mshono unatoka sawa, kona na mstari. Ni miguu yako, Nkambo, imewekwa ndani ya chombo.

Na lina mipaka yake. Jicho likitoka ukingoni mwa kitambaa linakosa cha kusoma. Likijaa vumbi la pamba linadanganyika, lazima ulifute.

#21 NkamboWaFoyer

Kama ni miguu yangu imewekwa ndani, basi wanilipe. (Mjukuu anacheka, ameandika kama nilivyosema.)

#22 PapaWaMagodoro (komini ya Kenya, Lubumbashi)

Mimi ni mwanamume na nashona mifarishi, mnaotaka kucheka chekeni mapema. Nilianza na vitambaa vya magodoro ya watoto.

Mnabishana juu ya uwazi kama vile mfarishi ni lazima uwe mzima wakati wa kushonea. Mimi sishoni mzima. Nagawa sehemu tatu: kushoto, kati, kulia, kila moja sentimita 70 hivi. Kila sehemu napanga tabaka zake, nashikiza, nachora maua kwa mtindo huru, pembeni naacha vidole vitatu bila kushona. Mwisho naunganisha: nyuso mbili nazishona kwa mashini, pamba naikata zikutane bila kupandana, kitambaa cha chini nakikunja na kukifunga kwa mkono. Sentimita 16 zinatosha kabisa. Pesa ya Q20 nimenunulia pikipiki.

#23 SindanoTisini

Papa wa Magodoro, mshono wa kuungania hauonekani? Maua yakivuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine unafanyaje?

#24 PapaWaMagodoro

Hayavuki. Naweka mstari wa kitenge cha rangi moja katikati ya sehemu, ua linaishia hapo kama linavyoishia kwenye uzio. Ukitaka ua moja likae mfarishi mzima, njia yangu haikufai, nakwambia kweli.

#25 MamaViraka

Ndilo wanalotaka, ua moja kubwa katikati lenye majani hadi pembeni. Hilo ndilo ninalouza.

#26 MshonajiTemeke

Nje kidogo ya mada. Hili neno mfarishi mmelitoa wapi? Huku vijana wanasema duveti, ukisema mfarishi wanafikiri ni mtu anayefariki.

#27 Pendo_Kadutu

Limo kwenye kamusi, kutoka Kiarabu, ni la kutandika. Mtu anayefariki ni marehemu, hatandikwi kitandani.

Na kwa kuwa tumetoka nje ya mada: kuna Wasidi wa India, jimbo la Karnataka, watu wenye asili ya Afrika waliofika huko karne nyingi zilizopita. Wanawake wao wanashona mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi, kwa mkono. Hawaanzi katikati kama sisi. Wanaanza ukingoni na kuzunguka kuelekea ndani, kiraka juu ya kiraka, hadi wafike kati. Kwenye kona nne wanaweka vitambaa vilivyokunjwa pembe pembe, wanaviita phula, maana yake ua. Wanasema bila hayo mfarishi uko uchi. Niliposoma hilo nilikwenda nikaweka kona kwenye wangu wote.

#28 NkamboWaFoyer

Hao ni ndugu zetu kweli. Kona lazima ivae.

#29 YayaWaLiege

Uzuri ulioje! Lakini turudi kwa Mama Viraka jamani, Desemba haiko mbali.

Kama mfuko hauruhusu mkono mrefu, TL-2010Q si mbaya. Mshono ulionyooka tu, hadi 1,500 kwa dakika, uwazi wa sentimita 22, na ina meno yanayoshuka. Kwa hiyo inaunga viraka asubuhi na kuchora maua jioni. Mashini moja, chumba kimoja. Na mdogo wako anaweza kuibeba kwenye ndege. Ya mkono mrefu itakuja kwa meli, na meza yake, kisha barabara yote hadi mpakani Kasumbalesa.

#30 FundiKamalondo

Hapa Yaya nakubaliana na wewe. Hiyo ndani yake ni ndugu wa mashini za kiwanda, naielewa. Kadi yake ni ndogo.

#31 SindanoTisini

Sentimita 6 za ziada kwa pesa yote hiyo! Meza kwanza, meza kwanza, meza kwanza.

#32 MamaViraka

Nimerudi. Nilitaka nilete majibu badala ya maneno, kwa hiyo wiki hii nimejaribu mmoja mmoja, kipande cha mazoezi kwa kipande.

Sindano mpya ya 90/14: uzi bado unakatika, ila mara chache. Nikihesabu, palipokuwa na mara sita sasa ni nne.

Meza ya pasi kushoto, mashini bado juu kama redio lakini nimeizungushia vitabu na ubao hadi ikawa sawa: hapa nilishangaa. Ua la kwanza halikukatika. La pili halikukatika. Nikamwita binti yangu aje aone, la tatu likakatika mbele yake.

Kitenge kilichofuliwa: sikuona tofauti kubwa, Pendo nisamehe. Ila sindano kweli haikuwa moto.

Saa nane mchana badala ya saa moja jioni: vijitanzi vilipungua wazi wazi. Lakini hata mimi sikuwa nimechoka saa nane, kwa hiyo sijui nimpe nani ushindi, kura au mikono.

Jina langu kabla ya chai: siku tano, Nkambo. Herufi ya V bado inanishinda.

Sasa sikieni kilichobaki. Vijitanzi viko bado, na vyote viko kwenye kona za KULIA. Uzi unakatika kushoto, kope zinaota kulia. Nikilegeza uzi wa juu, kushoto kunatulia na kulia kope zinarefuka. Nikikaza, kulia kunasafika na kushoto unakatika.

#33 KibandaChaVoltji

Saa nane mchana, nimesema mimi.

#34 FundiKamalondo

Mama, hilo la mwisho ungesema siku ya kwanza. Kushoto na kulia kutofautiana hivyo, kukaza na kulegeza kusiponye, mimi nasikia harufu ya ndoano. Sindano na ndoano hazikutani kwa wakati wake, au zimeachana unene wa ukucha. Mshono ulionyooka unasamehe, mtindo huru hausamehi.

#35 SindanoTisini

Au kulia kuna shina, anaogopa kugonga, anaharakisha. Uwazi ni mdogo, mikono inajua. Nimekuwa nasema meza, lakini kwa hilo la kulia nampa Yaya wa Liège nusu.

#36 NkamboWaFoyer

Nusu nyingine nipeni mimi. V inashinda kwa sababu ina kona kali. Unaifika mbio. Simama kwenye ncha, hesabu moja, sindano ikiwa chini, ndipo ugeuke.

#37 YayaWaLiege

Mama Viraka, usimwambie mdogo wako anunue hadi Papa Fundi aitazame hiyo ndoano. Kama iko sawa na kope bado zinaota kulia, mimi nitasema ni shina, na nitakutafutia iliyotumika. Kuna wanaouza Q16 zao wakizeeka macho.

#38 MamaViraka

Papa Fundi, Jumamosi asubuhi uko Kamalondo? Nitaileta na kipande cha mazoezi, chenye upande wa kulia na wa kushoto nimeandika kwa kalamu.

#39 FundiKamalondo

Niko kuanzia saa mbili. Lete na bobini zako zote, na ule uzi unaotumia, usiniletee mwingine. Na usiisafishe, nataka kuona vumbi limelala wapi.

#40 Pendo_Kadutu

Papa, ukiifungua piga picha ya sindano kabla hujaitoa. Nataka kuona kama ina utando.